Bangili ya Kukataa

Siku Shaibu alipovaa ile bangili hakuna aliyeshangaa. Shaibu alikuwa mzee wa kukataa. Alikataa mbuzi wake kuchanjwa, alikataa nambari ya nyumba kuandikwa mlangoni pake, na msikitini alikataa kukaa chini ya feni, akisema upepo wa Mungu upo dirishani. Kwa hiyo nesi Asmahani aliposema pale uwanja wa shule kwamba mtu asiyetaka kuingizwa katika jaribio atapewa bangili, Shaibu alinyoosha mkono kabla maneno hayajafika mwisho.

"Lete," alisema. "Tena inibane, isije ikanianguka."

Watu wakacheka. Sabra naye alicheka, ukili wa mkeka aliokuwa akisuka mapajani, jicho moja likiwa kwa mwanawe Arafa aliyekaa mbele kabisa, karibu na miguu ya nesi. Jicho hilo la Sabra lilikuwa halina likizo. Arafa ni kitinda mimba wake, mtu mzima sasa, mwenye mikono ya kazi na maneno machache, na ana kifafa tangu hajaota meno ya pili. Vidonge anameza. Vikipatikana zahanati, anaweza kukaa muda mrefu salama. Vikikosekana, kifafa humchukua popote alipo, jikoni, njiani, hata majini. Na kazi yake ni ya majini. Analima mwani, na siku hizi mwani wa maji madogo unaoza kwa joto, kwa hiyo kina mama wa Ndagoni wamesogeza kamba zao mbele, kwenye maji ya kiunoni, mengine ya kifuani.

Jaribio alilokuja kulieleza Asmahani lilikuwa la watu wanaozama. Mtu akizama na mashua ikamfikia, mwokozi ana njia mbili. Anaweza kumpandisha chomboni na kuanza kumpulizia pumzi hapohapo, chombo kikiyumba na maji yakipiga ubavuni. Au anaweza kukimbiza chombo mpaka pwani, amlaze kwenye mchanga mgumu, ndipo ampulizie na kumkandamiza kifua kama inavyotakiwa. Ya kwanza inawahi, lakini ni shida kuifanya vizuri. Ya pili inafanywa vizuri, lakini inachelewa. Ipi inarudisha watu wengi zaidi? Wataalamu waliomtuma walikuwa hawajui, na Asmahani, mtoto wa Kirongwe, mjukuu wa watu wenye mashamba ya minazi, alisimama mbele ya watu akasema hivyo bila kuzunguka: hatujui.

"Lo!" akasema Chiku, jirani yake Sabra, mwanamke asiyeweza kukaa na neno mdomoni. "Umesoma mpaka macho yamevaa miwani, mwanangu, na hujui?"

"Sijui, bibi. Ningekuwa najua nisingekuja kukuulizeni. Ningekuja kukufundisheni tu nikaenda zangu."

Akaeleza kwamba madiko ya kisiwani, pale vyombo vinapotia nanga, yatapigiwa kura ya bahati mbele ya wazee. Diko litakaloangukia njia ya kwanza, waokozi wake watafuata ya kwanza. Litakaloangukia ya pili, ya pili. Kisha kila atakayeokolewa atafuatiliwa, habari zake ziandikwe, mpaka ijulikane njia ipi ni bora, ili kesho na keshokutwa watu wote wafanyiwe iliyo bora.

"Sasa kuna jambo moja gumu," alisema, akavua miwani akaifuta kwa mtandio. "Mgonjwa wa hospitali tunamuuliza: unakubali? Aliyezama hana kauli. Huwezi kumuuliza, na huwezi kungoja ndugu zake watoke shamba. Ndiyo maana nakuulizeni leo, mkiwa wakavu. Asiyetaka, avae bangili hii, hasa anapokwenda baharini. Mwokozi akiiona, atajua huyu hayumo katika jaribio."

Sabra aliposikia "hana kauli", vidole vyake vilisimama kwenye ukili. Neno hilo alikuwa akilitumia yeye kwa Arafa. Arafa akianguka, yeye ndiye kauli yake. Yeye ndiye anayesema mfunikeni, mfunueni, leteni ubani, mpelekeni kwa mwalimu akasomewe, mpelekeni hospitali Kilindoni. Hata mchumba alipokuja, Sabra ndiye aliyemjibu, tena Arafa akiwa mzima wa afya jikoni, anapepeta mchele.

Bangili zenyewe zilikuwa za mpira, nyekundu, zina mstari mweusi katikati. Aliyechagua rangi zile alitaka zionekane kwa mbali, na hakuwa mtu wa pwani. Mtu wa pwani angejua kwamba ukimfunga mtu kitu chekundu na cheusi mkononi, ukamwambia asikivue aendapo baharini, hutahitaji kumweleza zaidi kwamba ni kinga.

Mambo yakajipanga yenyewe. Asmahani alirudi Kilindoni, akaacha boksi la bangili kwa mhudumu wa zahanati na agizo kwamba anayetaka apewe, asisumbuliwe kwa maswali. Wiki ileile kusi likachafuka asubuhi moja ghafla. Mashua ya kina Muhidini ikapinduka, watu wakarudi wakishikilia mbao, nyavu zikapotea. Shaibu, aliyekuwa upande uleule wa bahari, akarudi na mtumbwi wake mkavu, nguru wawili wanene wamelala miguuni pake, anaimba.

Kisimani, Chiku akatua ndoo. "Nyie hamna macho? Hamkuona alichovaa mkononi?"

Kesho yake foleni ya zahanati ilifika mpaka kwenye mpapai. Wengine walichukua mbili, moja ya kulia na moja ya kushoto. Mhudumu aligawa kama alivyoagizwa. Sabra alikuwa mtu wa mwanzo mwanzo kwenye foleni ile, kwa sababu wote waliokuwepo walimpisha. Nani asiyejua kwamba mwenye haja kuliko wote ni Sabra?

Alirudi nyumbani nayo, kaifunga kwenye pindo la kanga. Aliandaa maneno ya kumshawishi Arafa njia nzima, maana Arafa alikuwa amekwisha choka na vitu vya kufungwa. Lakini Arafa aliitazama tu, akaipokea, akaipitisha mkononi.

"Ahsante, Mama," alisema. "Nilikuwa nataka kwenda kuichukua mwenyewe."

Sabra alilala vizuri usiku ule, jambo ambalo si la kawaida yake.

Baada ya siku kadhaa Asmahani akaja tena, safari hii na mwanasesere mkubwa wa mpira, urefu wa mtu mzima, kifua chake ukikibonyeza kinashuka na kupanda. Chiku alimpa jina hapohapo: Bwana Mpira. Kazi ilikuwa kuwafanyisha mazoezi waokozi wa diko. Kiongozi wao alikuwa Ilyas, nahodha wa mashua ya mashine, kijana mtaratibu anayeshusha sauti akizungumza na wakubwa. Kura ilikuwa bado haijapigwa, kwa hiyo walifundishwa njia zote mbili, ya chomboni na ya mchangani. Maji yalikuwa ya bamvua, yamekupwa mbali, na kina mama wenye mwani walikuwa wamekwenda kwenye kamba zao. Sabra alibaki pwani kugeuza mwani uliokuwa juani kwenye chanja. Kutoka pale aliona na kusikia kila kitu.

Walimwokoa Bwana Mpira mara nyingi na vizuri. Ilyas alimnyanyua kidevu, akampulizia, akamkandamiza kifua huku wenzake wakimwitikia kama watu wanaovuta nyavu. Asmahani aliridhika. Ndipo akatoa bangili mfukoni, akamvisha Bwana Mpira, akamtupa tena majini. Alitaka kuona tu kama wataiona.

Waliiona. Ilyas alimpandisha chomboni, akaona mkono, akasimama. Akawatazama wenzake. Kisha, kwa adabu zake zote, alimlaza Bwana Mpira chali, akamnyoosha miguu, akavua kikoi alichojifunga kichwani, akamfunika nacho mpaka juu ya uso.

"Mbona hivyo?" akauliza Asmahani kutoka ufukweni.

"Huyu kakataa, dada."

"Kakataa nini?"

"Kakataa kufanyiwa. Aliulizwa akiwa mzima, akasema hapana, akavaa alama. Huo si wosia? Sisi ni nani tuuvunje wosia wa mtu?" Alisema kwa upole, kama mtu anayeeleza jambo la dini ambalo kila mtu analijua, na wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Walikuwa wanamheshimu Bwana Mpira.

Asmahani akavua miwani.

Sabra hakungoja atakachosema. Aliangusha fungu la mwani, akachukua kisu chake cha kukatia ukili, akateremka majini na kanga yake ileile, bila kuipandisha. Maji yalimfika magotini, mapajani, kiunoni. Kina mama wakamwita, "Sabra, kuna nini?", asijibu. Arafa alikuwa mwisho kabisa, ameinama, anafunga vipande vya mwani kwenye kamba, mkono wenye bangili ukitoka majini na kurudi.

"Lete mkono," alisema Sabra, anahema.

"Kuna nini, Mama?"

"Lete mkono nikikate hicho kitu. Siyo kinga. Nimedanganyika, mwanangu, siyo kinga."

Arafa akauficha mkono nyuma. "Najua siyo kinga."

Sabra akabaki na kisu hewani.

"Nilikaa mbele siku ile," alisema Arafa. "Nilisikia neno kwa neno. Nimeivaa kwa maana yake."

"Umekataa kuokolewa? Arafa!"

"Nimekataa kuwekwa kwenye jaribio. Mama, kisu hicho kishushe, utanikata. Sikiliza. Nikianguka, kila mtu ananifanyia lake. Huyu analeta ubani, yule analeta kitunguu, yule anasoma, yule ananikalia miguu. Jino hili limevunjwa na kijiko ulichonitia mdomoni, nami sikulaumu, ulikuwa unaniogopea. Nikizinduka nakuta yamekwisha, naambiwa tu tulikufanyia hivi na hivi. Sasa wamekuja watu wakasema, kabla hatujakufanyia, unasema nini? Tangu nizaliwe sijaulizwa hivyo. Nikasema hapana. Sitaki kupigiwa kura, sitaki kufuatwa nyumbani na kuandikwa. Nimekuwa habari ya mji huu tangu mtoto, inatosha."

"Na ukifa?"

"Wewe unadhani mimi sitaki kuishi? Nataka kuliko unavyonitakia wewe."

Sabra alikuwa na maneno mengi, yote yakaja kwa pamoja, likapita moja. "Basi sikia nilichokiona." Akamweleza Bwana Mpira alivyolazwa, alivyonyooshwa miguu, alivyofunikwa.

Maji yaliwapita kiunoni, yanarudi taratibu kujaa. "Wamemfunika na uso?" aliuliza Arafa.

"Na uso."

"Mama, yule pale ni mimi." Akafunga kipande cha mwisho cha mwani alichokuwa nacho mkononi, maana hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu, kisha akashika mkono wa mama yake wakaanza kurudi.

Walipofika walikuta Asmahani kakaa kwenye ukingo wa mashua, waokozi wamemzunguka, kila mtu anaongea. Sabra, maji yakimchuruzika, alianza kama kawaida yake. "Shikamoo zenu nitaziitikia baadaye. Nesi, huyu mwanangu—"

Arafa akamwekea mkono begani. "Nitasema mimi, Mama."

Ikawa vigumu kwa Sabra kufunga mdomo kuliko ilivyokuwa kuvuka yale maji. Aliufunga.

"Kaka Ilyas," alisema Arafa, "mimi nimevaa hii. Nikizama leo, utanifunika?"

Ilyas akatazama miguu yake. "Tulidhani ni wosia, dada yangu."

"Wosia wa nani? Mimi sijafa. Nimekataa kura na kuandikwa. Pumzi sijaikataa. Nani amekwambieni nimekataa pumzi?"

Ilyas akamgeukia Asmahani. Asmahani akatikisa kichwa.

"Hakuna aliyewaambia," alisema. "Wala hakuna aliyewaambia kinyume chake. Aliyevaa anaokolewa kama watu wote, mwokozi afanye lile analoliona la kufaa wakati ule. Ila hatumhesabu katika jaribio, hatumfuatilii. Kwetu sisi jambo hilo lilikuwa wazi mno, ndiyo maana hatukulisema. Tulikaa tukafikiri anayevaa ataelewa nini. Hatukukaa tukafikiri mwokozi ataelewa nini, mtu akiwa mikononi mwake. Kosa ni letu."

"Ngoja kwanza," akaingilia Chiku, aliyekuwa amefika na wenzake kutoka kwenye kamba. Akanyanyua mikono yote miwili, kila mmoja na bangili yake. "Kwani hizi siyo za kinga?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Asmahani hakucheka. Alitazama mikono ya kina mama iliyolowa, akaona nyekundu na nyeusi, nyekundu na nyeusi, mpaka mwisho wa kundi.

"Nani mwingine amevaa akidhani ni kinga?" aliuliza. Wakainua mikono bila haya, na wengine walioinua walikuwa waokozi wenyewe.

"Basi kura haipigwi," alisema. "Siwezi kuanza jaribio namna hii. Hata jibu nikilipata litakuwa la uongo, na kabla sijalipata kuna mtu atakuwa amelala chini ya kikoi."

Siku iliyofuata alipita nyumba kwa nyumba, akikaa mikekani, akinywa chai aliyopewa, anauliza upya kila mtu peke yake. Wengi walirudisha bangili, wengine kwa shingo upande. Chiku alirudisha moja, akasema ya pili haioni ilipo. Shaibu alipofikiwa alicheka mpaka akakohoa.

"Mimi niliielewa tangu mwanzo," alisema. "Sirudishi. Lakini nikizama nipulizieni, mnasikia? Ila siyo Ilyas. Ilyas anavuta sigara."

Jioni walipokutana kunywa chai, likabaki swali la nini kifanyike, na hapo hakuna aliyekuwa na la uhakika. Ilyas alisema alama iwe ya rangi nyingine. Arafa akasema hata iwe nyeupe, mtu akiona alama kwa aliyezama atasita tu, na kusita ndiko kutakakomwua. Chiku alisema basi wenye kukubali ndio wavae. Asmahani akasema na asiye nayo, kwa kusahau tu, mwokozi atamfanyaje? Wengine walisema alama iondolewe, mtu aokolewe kwanza, aulizwe baadaye akizinduka. Arafa akauliza, na asipozinduka, ataulizwa nani? Walikaa na hilo mpaka chai ikapoa. Asmahani alisema ataondoka nalo kama lilivyo, awapelekee wenzake, na kwamba hata kama jaribio litachelewa mwaka mzima, na lichelewe. Lakini kuokoa hakuna haja ya kungoja jaribio. Aliomba kabla hajaondoka awafundishe na kina mama, maana wao ndio wanaokuwa karibu mtu akianguka kwenye mwani.

Walikutana nyuma ya chanja, wanaume wakiwa wamekwenda zao. Kifua walijifunzia kwa Bwana Mpira, kwa sababu Asmahani alisema kifua cha mtu mzima wa afya hakibonyezwi kwa mazoezi. Lakini kuinua kidevu, kufungua njia ya hewa na kumlaza mtu ubavu, hayo alitaka wayajue kwa mtu wa kweli. Akauliza nani yuko tayari kulala. Arafa akalala juu ya mkeka, akajifunika kanga miguu, akafumba macho.

Chiku alikuwa wa kwanza. "Mimi nikimpulizia nina tambuu mdomoni, si atazinduka kwa ukali?"

"Ndiyo vizuri," akasema Arafa, macho yamefumba. "Nitazinduka upesi."

Zamu ya Sabra ikafika. Alipiga magoti pembeni ya mwanawe. Mwili ule aliujua wote. Alikuwa ameushika mara nyingi ukiwa unatetemeka, ukiwa mgumu kama ubao, ukiwa umelegea. Hakukumbuka hata mara moja kuushika akiwa ameuomba ruhusa. Mikono ilikwisha tangulia, ilikuwa karibu na kidevu, akairudisha mapajani.

"Arafa," alisema. "Ukizama, nikupulizie?"

Arafa akafumbua jicho moja.

"Nipulizie, Mama."

"Na kama mimi sipo, Ilyas?"

"Ilyas. Na Chiku na tambuu yake. Yeyote aliye karibu."

"Na ukianguka nyumbani?"

"Nilaze ubavu. Ondoa kila kitu kinachoweza kuniumiza. Kijiko usilete, ubani usilete. Kaa karibu yangu, unyamaze."

"Ninyamaze?"

"Eeh. Unyamaze."

"Hapo sasa," akasema Chiku, "umemwekea mama yako adhabu."

Sabra aligeuka amjibu. Jibu alikuwa nalo, tena zuri, lingemnyamazisha Chiku mpaka bamvua ijayo. Akaliacha. Aliweka kiganja kimoja kwenye paji la uso la Arafa, vidole viwili chini ya kidevu, akamwinua taratibu kama alivyoonyeshwa, kisha akainama, akaweka sikio karibu na mdomo wa mwanawe, akasikiliza.